Nilivyojiandaa kuhamia Kanada mume akiwa ametangulia

Mume wangu alitangulia Edmonton, nikabaki Kampala na watoto, kazi yangu na rundo la karatasi. Mwanzoni simu ndiyo iliyotuchosha. Tukiongea ni fomu, ada, cheti. Watoto wakija kupewa simu, baba yao hana tena nguvu ya kucheka nao. Tukakubaliana Jumamosi iwe siku ya karatasi, siku nyingine ziwe za familia, isipokuwa kuna barua yenye tarehe ya mwisho. Jamani, pangeni hivyo mapema kabla hamjaanza kununiana.

Saa nazo zinataka akili. Kiangazi cha kule, saa tatu usiku yake ni saa kumi na mbili asubuhi yetu, watoto wanakunywa chai huku wakimwona. Novemba waliporudisha saa nyuma, simu ileile ikawa inaingia saa moja, watoto wameshaenda shule. Ikabidi apige saa mbili yake.

Yeye alibeba fomu za kutudhamini na malipo ya huko. Mimi nilibeba kila kinachotoka Uganda: vyeti vya kuzaliwa kutoka NIRA, ofisi ya serikali ya usajili na vitambulisho, cheti cha ndoa, cheti cha polisi wa Interpol cha kuonyesha sina rekodi ya uhalifu, alama za vidole, vipimo vya daktari. Majina ndiyo yaliyonila muda. Cheti cha ndoa kiliandikwa Hadija, pasipoti inasema Khadija, nikalazimika kula kiapo kwa wakili kwamba ni mtu mmoja. Ukipewa cheti, kisome herufi kwa herufi hapohapo dirishani, hata kama walio nyuma yako wananung'unika.

Kisha picha za kuthibitisha ndoa. Mwisho ni 20, na sisi tulikuwa nazo tele. Mimi nilizitaka zile za nikaha, nimepambwa nimependeza. Akaniambia, "Mama watoto, weka ile ya Bombo, mama anakupakulia chakula." Nilipoitazama tena nikamwelewa: mama mkwe ameshika mwiko, mimi nimekaa mkekani, shangazi zake wamejaa nyuma ya sigiri. Picha ya namna hiyo inamwonyesha afisa kwamba ukoo unakujua. Tukaziweka za nikaha chache tu.

Makoti ya baridi yapo soko la Owino, lakini ya baridi ya kule heri yanunuliwe kulekule. Niliwapima watoto kwa futi ya fundi, mikono, kifua, mpaka nyayo, nikamtumia vipimo na kumwambia aongeze saizi moja, maana watoto hawaachi kukua eti viza haijatoka. Atakuja nayo uwanja wa ndege.

Kiwanja chetu cha Matugga nimemwachia kaka yangu kwa maandishi ya wakili. Tulikwenda naye kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, halafu tukazunguka mipaka pamoja na majirani, kila mmoja akamwona ni nani wa kumpigia kukiwa na neno.