Picha za babu, kutoka dirishani kwa treni

Babu yangu ni mmoja wa waliojenga reli ya Uhuru, yaani TAZARA, ile inayotoka Dar mpaka Zambia. Alitoka kwao Njombe mwaka 1972 akiwa kijana wa miaka 19, akaenda kupiga kazi kile kipande cha Mlimba mpaka Makambako, chenye mahandaki na madaraja mengi, ambacho ndo kilikuwa kigumu kuliko vyote. Amenisimulia hicho kipande tangu nina akili zangu, ila toka kazi iishe mwaka 1975 hajawahi kukipita tena. Sasa hivi magoti yamekataa, yupo kwa shangazi Yombo, Dar, ngazi tatu za barazani tu ni shughuli. Kwa hiyo Agosti nilipopata safari ya Mbeya nikasema basi sipandi, napanda TAZARA, na chochote nitakachokiona babu atakiona siku hiyohiyo kwenye simu ya shangazi.

Hiyo ya siku hiyohiyo ina sababu yake. Mwaka 2019 nilikuwa na picha za bibi za Krismasi ya mwisho aliyokula na sisi, zaidi ya mia mbili, zote ziko kwenye simu na kila siku najiambia nikifika nyumbani kwenye waifai nitazipakia. Simu ikachomolewa mfukoni standi moja ya mkoani nikiwa nanunua maji. Simu nikanunua nyingine, picha za bibi basi tena. Zilibaki mbili tu nilizokuwa nimemrushia dada kwa WhatsApp, na zenyewe zilishabanwa, ukikuza kidogo uso unakuwa vijiboksi. Toka hapo mimi nikisafiri silali na picha kwenye simu peke yake.

Basi kabla ya kutoka Dar nikafungua albamu ya pamoja kwenye programu ya picha za Google, nikamwekea shangazi linki pale mbele kabisa kwenye skrini ili asihangaike kuitafuta. Halafu nikaingia kwenye setingi nikaruhusu itumie bando, maana ukiiacha kama ilivyo mara nyingi inasubiri waifai na wewe unakaa unadhani picha zinapanda kumbe zimelala tu. Video nikazizima, video moja ya dakika mbili inaweza kula bando la siku nzima. Na ile nafasi ya bure ya gb 15 nikaihakiki kama bado ipo, kwa sababu toka Juni 2021 picha zote zinahesabiwa humo, pamoja na maimeili yako, ikijaa inagoma na utakuja kugundua ukiwa porini.

Tuliondoka alasiri. Jua linakaribia kuzama tukaingia pembeni ya hifadhi ya Nyerere, ile iliyokuwa Selous zamani, twiga wanne wamesimama karibu na reli wala hawana habari na treni, watu wote tumejazana dirishani. Mtandao hakuna, hata ile E ya mtandao wa kinyonga haipo. Nikapiga picha nikazima data kabisa, maana simu ikikaa inatafuta mnara usiokuwepo inamaliza chaji yenyewe bila wewe kuigusa.

Ifakara tulifika usiku, simu ikasoma 4G. Hapo ndo nikajifunza kitu. Nilikuwa nimelala kitanda cha katikati, meseji za WhatsApp zinaingia vizuri tu lakini picha haitoki, kiduara kinazunguka weee. Mwenzangu wa behewa, fundi simu wa Mbeya, akaniambia dada sogeza simu dirishani. Akanieleza kwamba kupokea na kutuma ni vitu viwili tofauti, mnara una nguvu unakufikia hata ukiwa mbali, ila simu ni kitu kidogo, inabidi ijikamue mpaka mnara uisikie, ndo maana kutuma kunakuwa kugumu kuliko kupokea na chaji inaondoka mbio, na hapo umejifungia ndani ya behewa la chuma. Nikaiegesha kwenye fremu ya dirisha nimeishika na kamba ya chaja, picha ya kwanza ya twiga ikapanda, ya pili, ya tatu. Treni ikaondoka ya nne ikiwa nusu, ila hii programu inaendelea ilipoishia, haianzi upya, hilo ni muhimu sana, zipo nyingine ukikatika kidogo tu unaanza moja na bando ulilotumia limeenda.

Mlimba kunapambazuka. Akina mama wanauza ndizi na uji dirishani, nikamuomba mmoja nimpige picha na beseni lake, akasema sawa ila unitumie, akanitajia namba palepale. Nikamtumia kabla treni haijaondoka, akaiangalia, akamwita mwenzake aje aone. Mimi siku zote naomba kwanza, na picha ya mtu siiweki hadharani kama hajaniruhusu.

Hapohapo ikaingia voisi ya babu. Kumbe toka usiku hajalala, shangazi anamshikia simu. "Mjukuu wangu, hao twiga nimewaona, hao wapo siku zote. Sasa sikiliza. Ukishavuka daraja la Mpanga kaa tayari, kuna handaki mdomoni pana ukuta wa mawe upande wa kuingilia, ule tuliupanga sisi, mimi na wenzangu. Niangalizie kama umesimama."

Ningekuwa nasubiri kupakia nikifika nyumbani hiyo voisi isingekuja. Ingekuja wiki mbili baadaye, babu anaangalia picha anauliza ukuta uko wapi, na mimi nimeshapita.

Daraja la Mpanga lipo juu sana, nguzo zake zina mita kama 50, ukichungulia chini mto unaonekana mwembamba. Baada ya hapo ni giza mwanga, giza mwanga, mahandaki yanafuatana, na mtandao ndo kabisa. Sikujua ni handaki lipi kwa hiyo kila tunapoingia na kutoka nikawa napiga, mkono uko tayari. Nilipofika Makambako nilikuwa na picha 47, chaji asilimia 11 na pawabenki imeshakufa. Hamna namna, nikachagua sita zenye ukuta nikamtumia babu kwa WhatsApp zile za kawaida, zinabanwa mpaka kb mia mbili tatu hivi wakati picha moja ya simu yangu ni mb 4 au 5, zikaenda zote.

Jioni niko Mbeya gesti babu akapiga mwenyewe. Nikamsalimia shikamoo, hata marahaba hakumalizia vizuri. "Ni hii ya nne. Lakini shangazi yako akiikuza inavurugika, mawe siyaoni."

Nikakumbuka za bibi, roho ikaniuma kwelikweli.

Kutuma ile yenyewe nzima saa ile mtandao ulikuwa umejaa, kila mtu yupo hewani, ikawa inafika katikati inagoma. Nikatega alamu saa kumi alfajiri. Muda huo watu wamelala na mtandao ni mweupe, nikaituma kama dokumenti siyo kama picha, hivyo haibanwi hata kidogo, inafika vilevile ilivyotoka kwenye kamera. Sekunde chache tu. Nyingine zote nikaziachia zipande kwenye albamu, nikakaa nazihesabu mpaka ya mwisho ikaweka tiki.

Saa moja asubuhi shangazi akanirekodia. Babu kavaa miwani, kaweka simu mapajani, anakuza kwa vidole viwili, anasogeza polepole kutoka jiwe moja kwenda jingine. Anataja majina. Hili la fulani, hili la fulani, huyu alikuwa anatoka Songea, huyu alishafariki. Kwenye kona ya chini kuna jiwe limekaa upande, akaligusa akasema hili langu, msimamizi aliniambia nilirudie nikakataa.

Jana kanipigia tena. Anataka niisafishe hiyo picha, kubwa, iwekwe fremu, itundikwe sebuleni pembeni ya ile ya bibi.