Kavu

"Laningi kavu yake imesimama sana, lakini atafika tu." Bosi alimwambia hivyo dereva wa trela Jumanne, nami nimekaa palepale, hati ya forodha imenirudia mara ya tatu kwa sababu nimeandika uzito wa jumla mahali pa uzito halisi. Dereva akaniangalia kama anayeangalia mgonjwa. "Pole, dada."

Pole ya nini? Laningi kavu ni mstari unaoonyesha mtu anavyojifunza kazi siku hadi siku, na watu wakisema umesimama, wanamaanisha kazi inamshinda.

Wiki hii tumehama nyumba, na dada kajifungua kule Mbale, wa kiume, wote wazima. Lakini nikizima taa nasikia "imesimama sana". Nikampigia shangazi, nikamsimulia. "Kavu? Kwani walitaka iwe mbichi?" Nikacheka, nikakata simu, nikakasirika upya.

Alhamisi sistimu ya forodha ililala, Malaba nzima ikasimama, malori hadi huko nyuma. Nikachukua karatasi, nikachora hiyo kavu yenyewe. Mlalo, siku. Wima, hati ninazomaliza bila kurudishiwa. Na hapo nikagutuka: anayejifunza upesi ndiye mstari wake unaosimama! Anayesota, wake unalala. Watu huona mlima wa kupanda kwa mguu, ndiyo maana wanalisema kinyume. Kumbe bosi kanisifu mbele ya mteja bila kujua. Nilikuwa nimeshainuka kitini nikamwambie.

Bahati nzuri nilitazama kwanza mstari wangu. Wiki mbili za mwanzo umepanda, kutoka hati 2 kwa siku hadi 9. Tangu hapo: 9, 9, 8, 9. Umelala fofofo. Nikakaa.

Wanasaikolojia Bryan na Harter waliliona hilo kwa wanafunzi wa telegrafu Marekani, wakaandika mwaka 1897: mstari wa kupokea ujumbe ulilala wiki nyingi, kisha ukapanda tena. Walieleza kwamba muda huo mtu bado anazoea herufi na maneno mojamoja, hajaweza kushika sentensi nzima. Sijui kama mimi niko hapo. Ila jana mitumba ilipokuja, 6309, namba yake ya forodha, niliiandika bila kufungua kitabu cha namba hizo, na sikugundua mpaka nilipofika kwenye uzito. Uzito nao nikaukosea.

Bosi sijamwambia kitu. Tena nimeona sasa hivi, funguo za nyumba ya zamani bado zimo kwenye mkoba wangu, na mpangaji mpya anaingia kesho asubuhi.