Siku moja maishani mwangu: siku ya kuchukua dawa

Saa 11 alfajiri. Moshi mwezi wa saba baridi inauma, kwa hiyo nilisali nikiwa bado ndani ya blanketi. Sala yangu ya alfajiri ni fupi: Bwana, wewe unanijua. Mimi ni mjane, fundi cherehani, mwanakwaya wa sauti ya pili, na tangu 2014 naishi na virusi vya UKIMWI. Usharikani kwetu hakuna niliyemwambia. Ninayowasimulia ni ya Jumatano iliyopita.

Saa 12 na nusu. Chai ya maziwa, ndizi za kuchemsha. Binti wa dada yangu ninayeishi naye nilimwambia naenda kutafuta zipu na vifungo. Uongo huu umenichosha kuliko ugonjwa wenyewe. Ugonjwa nimeshauzoea, ila uongo kila safari lazima utungwe upya.

Saa 1 na nusu. Daladala mbili. Ipo kliniki ya karibu, naweza kwenda kwa miguu, lakini pale dirishani hupita nusu ya kwaya. Naenda mbali nisikojulikana.

Saa 3 kasoro. Kwenye benchi la foleni alikuwa amekaa mzee wa kanisa wetu, yule anayehesabu sadaka kila Jumapili na kutusomea matangazo. Kofia kaiweka pembeni, kadi ya kliniki iko gotini, rangi ileile ya kadi yangu. Miguu ikataka kurudi getini. Akaniona.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu." Akaichukua kofia akaivaa. "Kaa hapa. Hapo uliposimama jua litakupiga."

Nikakaa. Hakuniuliza kitu, nami sikuuliza. Tulikaa karibu saa nzima tukizungumzia mahindi yaliyokosa mvua kule tambarare. Alipoitwa namba yake aliinuka, akasema, "Jumuiya leo ni kwako, sivyo? Basi jioni."

Muuguzi akanisomea majibu ya mwaka huu: virusi havionekani kwenye kipimo. Maana yake dawa inafanya kazi, na mtu aliyefikia hapo akiendelea kumeza kila siku hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Nikapewa dawa za miezi sita.

Saa 5. Nilifika kibandani. Nina majoho 24 ya kwaya, zambarau, kola nyeupe, na pindo za mikono zinataka subira. Kabla ya kukanyaga cherehani nilifanya ninalofanya kila nikitoka kliniki: nilichukua lapu laini za zambarau, nikazishindilia ndani ya chupa za dawa juu ya vidonge, nikatikisa sikioni. Kimya. Bila lapu vidonge hulia kama kayamba, na mkoba wangu husikika mtaa mzima.

Kazi ya pindo inaacha kichwa wazi. Miaka ya mwanzo nilihudhuria mkesha mmoja, mhubiri akasema mwenye imani atupe vidonge. Nilivitupa. Mwezi wa nne nilikuwa kitandani, nimebaki mifupa, na bado nilijilaumu kwamba imani yangu ndiyo iliyopungua. Aliyenitoa hapo ni nabii Isaya wa kwenye Biblia. Alimpelekea mfalme Hezekia ahadi ya Mungu ya kuongezewa miaka 15, kisha akaagiza jipu la mfalme libandikwe tini. Ahadi na tini, siku moja, mgonjwa mmoja. Tangu nisome hapo sijaruka dozi, na wanaowaambia watu waache dawa kwa jina la Yesu wananiumiza moyo sana.

Tena kuna Kanoni Gideon Byamugisha, kasisi wa Kianglikana wa Uganda, aliyejitokeza hadharani mwaka 1992 kusema anaishi na virusi. Mwaka 1992! Dawa za leo hazikuwepo. Huwa najiuliza alilalaje usiku wa kuamkia siku ile. Mimi sijafika huko, na sijui kama nitafika. Miaka yote naimba habari za neema, lakini mchana ule, pindo baada ya pindo, kilichonirudia ni ile kofia ikiondolewa kwenye benchi ili nipate pa kukaa.

Saa 8. Ugali na dagaa. Mteja mmoja alikuja kugombana juu ya gauni, tukaelewana.

Saa 12 na nusu jioni. Jumuiya. Watu kumi na mmoja kwenye viti vyangu sita na mkeka. Somo lilikuwa zuri, maombi yakawa marefu, kila mmoja na haja yake: ada, mimba, shamba, mtoto aliyepotelea Dar. Zamu yangu nilisema tu, "Niombeeni." Mzee hakuinua macho kutoka kwenye Biblia yake.

Saa 2 kamili usiku simu yangu ikalia kabatini. Ndiyo kengele ya dawa. Jirani yangu akacheka kwa upendo: "Mama na saa yake ya maombi!" Mikono ikaniganda kwenye birika.

Mzee akafunga Biblia. "Ni saa ya wengi hii. Tusimame tufunge."

Yeye ambaye sala yake hupoza chai, alisali sentensi tatu.

Nikawasindikiza mlangoni. Yeye alitoka wa mwisho, akakaa kidogo akitafuta kofia iliyokuwa mkononi mwake.

"Asante, baba."

"Lala salama, mwanangu. Miezi sita si mingi."

Nikafunga mlango, nikachomoa lapu, nikameza kidonge kwa chai iliyobaki.