Kidonda cha Sikioni na Jeni Zilizoamka

Shangazi yangu ana ualbino, na tangu ujana wake amelima viazi kwenye miinuko ya Uporoto, mkoani Mbeya, ambako mwezi wa Juni watu huamka na ukungu na kushinda na sweta. Kwa baridi ile, hakuna aliyefikiri kwamba jua la kwetu ni la kuogopwa. Kumbe kila unapopanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10, kuwe na joto au baridi.

Kidonda kilianza kama gaga dogo juu ya sikio la kushoto, likibanduka na kurudi, hadi kingo zake zikawa ngumu na kukwaruza kama ukoko wa ugali. Kwa miezi kadhaa alipewa dawa za kupaka tu, jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Kipande kilipokatwa na kupimwa, jibu lilikuwa saratani ya seli bapa, ambayo ndiyo saratani ya ngozi inayowapata zaidi watu wenye ualbino nchini Tanzania.

Tangu siku hiyo nimesoma sana juu ya kilichotokea ndani ya sikio lile. Karibu kila seli ya mwili hubeba jeni zote, lakini huamsha zile tu inazozihitaji. Kwa wengi wenye ualbino hapa nchini, hitilafu iko kwenye jeni ya OCA2, hivyo ngozi hukosa rangi ya kuikinga, na jua hupata njia ya kuharibu jeni nyingine. Mara nyingi huharibika TP53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyojeruhiwa ili ijitengeneze au ife. Mlinzi huyo akiondoka, seli hugawanyika ovyo: EGFR, inayohimiza kukua, huweza kuamka kupita kiasi, jeni za vimeng'enya vinavyokula nyama ya jirani nazo huamka, na PD-L1 huongezeka, ikiwaambia askari wa kinga ya mwili wapite bila kugusa kitu.

Hapo ndipo tiba mpya zinapolenga. Cemiplimab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, huzuia ujumbe huo wa udanganyifu usipokelewe, na hutumika pale saratani hii inapokuwa imesambaa au haiwezi kukatwa. Lakini shabaha hazifanani. Dawa za kuzuia BRAF, jeni nyingine inayohimiza seli kukua, zilizoanza kuidhinishwa mwaka 2011, hulenga kasoro iliyomo katika takriban nusu ya melanoma (saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi) za Wazungu, ilhali melanoma ya nyayo, inayotupata sisi weusi zaidi ya aina nyingine za melanoma, huwa nayo mara chache. Ndiyo maana naamini sampuli za wagonjwa wetu wenyewe hazina budi kuchunguzwa jeni zake, badala ya sisi kuazima majibu ya ngozi za wengine.

Shangazi alikatwa sehemu ya sikio mapema, saratani ikaisha bila dawa hizo. Sasa hupalilia alfajiri, akiwa na kofia pana na mikono mirefu, na kila nikipanda kumsalimia huvua kofia mwenyewe, akageuza shingo nimtazame nyuma ya masikio.