Nimerudi Newala, hela ya korosho ipo ila haikai

Wadau habari za siku nyingi, nimerudi nyumbani Newala, mkoani Mtwara, baada ya miaka mingi ya Ulaya, na kabla hamjaanza kuuliza nimekuja na nini ngoja niongee kitu kimoja ambacho hakijaniacha tangu nifike, korosho.

Mi niliondoka kabla stakabadhi ghalani haijaanza huku, ule mfumo wa 2007 wa kuweka mzigo ghalani, kupewa risiti na kuuza kwa mnada. Enzi hizo anakuja mnunuzi na bei yake mfukoni, ukikataa unabaki na magunia yako. Sasa hivi unapeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha kijijini, zinapimwa, zinapangwa gredi, zinaenda ghala kuu, halafu kwenye mnada wakulima wenyewe ndo wanasema bei tumekubali au hatuuzi. Msimu wa 2024/25 mnada wa kwanza huku Tandahimba na Newala bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo na nchi nzima ikavuna zaidi ya tani 500,000, haijawahi kutokea. Nikikaa na wazee wanakubali makato yanauma na malipo saa nyingine yanachelewa, ila kurudi kule nyuma hakuna anayetaka.

Na hela ikiingia unaiona kwa macho aisee. Fundi hapatikani, bati zinaisha dukani, guesti zimejaa, bodaboda mpya kila kona, kule Mtwara bandarini vijana wanapakia usiku na mchana. Hapo ndo unaelewa kwa nini wachumi wanang'ang'ania kilimo, maana mkulima akipata hela hapeleki mbali, anamlipa fundi, fundi ananunua unga, muuza unga analipa ada ya mtoto, mkoa mzima unapumua.

Ila subiri mpaka katikati ya mwaka.

Miezi ya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, hela ya mnada ilishaisha kitambo na mikorosho ndo kwanza inatoa maua. Hapo ndo kangomba, yule mnunuzi wa magendo anayekwepa mnada, anapita nyumba kwa nyumba. Nilikuwa kwa mama mdogo, jirani yake mtoto ana homa, kaja jamaa kamhesabia noti kidogo pale pale barazani, deni litalipwa kwa korosho ambazo hazijazaliwa, tena atapimiwa kwa bakuli wala si mzani. Nikamuuliza mama mdogo mbona hamumfukuzi, akasema "mwanangu, we ukimfukuza utampeleka wewe yule mtoto hospitali?" Nikanyamaza. Huyo jirani bei ya 4,000 ataisikia redioni tu. Takwimu za serikali za 2017/18 zinasema vijijini watu 31.3 kwa mia walikuwa chini ya mstari wa umaskini, mjini 15.8, ila kwa ninavyoona mimi mtu wa korosho anauvuka huo mstari Novemba na anarudi chini Juni, mwaka ule ule mmoja, sasa sijui anahesabiwa wapi.

Kingine ni kubangua. Sehemu kubwa ya mzigo wetu inapanda meli na maganda yake kwenda India na Vietnam, na kazi inaenda huko huko. Vile viwanda vikubwa vilivyojengwa miaka ya 70 na 80 vingi viligeuka maghala. Watu wanasema sisi wavivu wa kubangua, si kweli. Nimewaona kina mama wa kikundi hapa mtaani, wanapaka majivu mikononi sababu mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, wanagonga moja moja na korosho zinatoka nzima kweli kweli. Tatizo lao ni kupata mzigo wa kubangua. Korosho zinauzwa miezi michache tu, kwa hiyo mbanguaji lazima anunue za mwaka mzima kwa mkupuo, bei ile ile ya mnada anayoshindana na wenye meli, na benki inataka hati ya nyumba ambayo hawana. Wanabangua mpaka magunia yao machache yanaisha, basi, wanarudi kulima mihogo.

Mjomba ananiambia "njomba we jenga nyumba upumzike", nyumba nitajenga ila kwanza nataka kuwatafutia hawa kina mama mzigo wa kutosha kabla minada haijaisha. Kama kuna mtu humu alishawahi kukopeshwa kwa kuweka korosho zenyewe ghalani kama dhamana, anicheki, hasa riba ilikuwaje na ghala walikutoza nini.