Godoro nyuma ya mwimbaji

Ilikuwa noti moja tu ya chini. Kila jamaa niliyekuwa namrekodi alipoishukia, neno lilivuma kama la mtu anayeimba ndani ya pipa. Akipanda, sauti inanyooka. Tulikuwa chumbani kwangu Sinza, Dar es Salaam, mwaka 2017: futi kumi kwa kumi, sakafu ya taili, dirisha la alumini, na ukutani trei 40 za mayai nilizoomba kwa muuza chipsi. Zilichofanya trei zile ni kufifisha kidogo ukali wa juu. Sauti ya mwimbaji ikawa butu, mvumo ukabaki palepale.

"Kaka, mbona nasikika kama nipo chooni?"

Nilishakata hezi 110 (mitetemo 110 kwa sekunde) kwenye ikwalaiza, kile kifaa cha kupunguza au kuongeza sauti za chini na za juu. Neno lile likatulia, mengine yote yakakonda. Kompresa ikazidisha ubaya: inabana sauti kubwa, na ukishaongeza ujazo, mwangwi wa chumba uliokuwa umejificha chini unapanda nao.

Nikachukua tepu ya kupimia. Mita 3.05, pande zote mbili. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Gawa kwa mara mbili ya urefu wa chumba unapata mvumo wa kwanza wa chumba, hezi 56, na wa pili, maradufu yake, 112. Noti yake ilikuwa A ya chini, hezi 110. Chumba cha mraba ni balaa, maana urefu na upana vinavuma pamoja. Nami maiki nilikuwa nimeisimika katikati kabisa, pale hasa mvumo huo wa pili unapojaa.

Nikaihamishia mita 1 kutoka ukuta mmoja, mita 1.2 kutoka ule wa pembeni. Mvumo ukapungua kabla sijagusa kitu kingine. Nikapiga kofi moja: kuta bado zikajibu, trrr, kama ukucha unaopita kwenye meno ya kitana.

Likabaki godoro. La inchi 6. Nilivua kwanza kava lake la nailoni, kwa sababu linairudisha sauti kabla haijaingia kwenye sponji. Nikalisimamisha nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maiki. Maiki inayochukua mbele haisikii sana kisogoni kwake. Inachokitazama ni mwimbaji na ukuta ulio mgongoni mwake. Kati ya godoro na ukuta niliacha sentimita 15, maana likiegemezwa bapa halimezi vizuri sauti za chini. Blanketi mbili nzito pembeni, zulia juu ya taili, feni nikazima. Mdomo ukakaa shubiri moja kutoka kwenye maiki, katikati soksi ya kike niliyoitandaza kwenye henga ya waya ili kuzuia zile P zinazopasuka.

Ubeti tuliurudia mara tatu, tukachukua rekodi ya pili. Kiitikio kikasubiri kesho yake. Sikutaka kupima upya, kwa hiyo godoro lilibaki limesimama, nami nikalala mkekani.