Tundu la Hita Nililoliziba Mapema

Saa kumi jioni pampu ya maji ya karavani, ile nyumba ya kukokotwa na gari, ilikuwa bado inanguruma, ilhali koki zote ndani zimefungwa. Pampu ya aina hii ina swichi ya presha: ukishafunga koki, presha hupanda hadi karibu baa 3 na pampu hujizima ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kunguruma wakati kila kitu kimefungwa, ama kuna mahali panavuja, ama kuna chombo kinajaa. Nilidhani ni hewa iliyobaki kwenye mabomba, nikasogea kwenye koki inayofuata.

Utabiri wa usiku ule ulikuwa nyuzi 8 chini ya sifuri, na karavani ya mjomba ilikuwa inalazwa nje kwa miezi minne bila kutumika, kwa hiyo tulikuwa tunayatoa maji yote na kujaza mabomba dawa ya kuzuia kuganda. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Bomba la PEX, aina ya plastiki, ni laini, huweza kuvumilia kutanuka huko kwa kiasi. Vinavyopasuka ni vile vigumu: kichwa cha pampu, vali ya choo, viungio vya plastiki, koki ya bafu, kikombe cha chujio. Tena vikipasuka hujui mpaka baridi iishe, siku unayofungulia maji na sakafu inaanza kuloa chini ya makabati.

Mwanzo wa kazi ulikwenda vizuri. Matangi ya maji machafu tulikuwa tumeshayamwaga na kuyasuuza. Hita ya maji tuliizima tangu asubuhi, gesi na umeme, kwa kuwa tangi lake halifunguliwi likiwa na moto wala presha. Na swichi ya umeme mjomba aliibandika kipande cha tepu, maana hita ikiwashwa tangi likiwa tupu koili yake huungua ndani ya dakika chache. Alinyanyua mpini mdogo wa vali ya usalama iliyo juu ya hita, hewa ikafyonzwa ndani, nami nikaingiza soketi ya milimita 27 kwenye kizibo cha chini. Kwenye hita hii kizibo na fimbo ya anodi ni kitu kimoja. Maji yalitoka kwa kishindo, lita 22, nyuma yake yakaja mabonge ya chokaa nyeupe kama maganda ya mayai yaliyopondwa. Fimbo ilikuwa imelika karibu nusu. Kazi yake ndiyo hiyo, kulika yenyewe ili chuma cha tangi kisilike, na hubadilishwa robo tatu zikishakwisha. Hita zenye tangi la alumini hazina fimbo hii, zina kizibo cha plastiki tu.

Tukafungua vizibo viwili vya chini ya karavani, cha maji moto na cha maji baridi, tukamwaga tangi la maji safi, tukaiwasha pampu kwa nusu dakika iteme kilichobaki, tukatoa chujio na kukiacha kikombe chake kitupu.

Nyuma ya hita kuna koki tatu. Ya chini inaingiza maji baridi kwenye hita, ya juu inatoa maji moto, na ya katikati inaunganisha mabomba hayo mawili ili maji yapite bila kuingia kwenye hita. Mpini ukilala sambamba na bomba, njia iko wazi, ukikingama, imefungwa. Kwa kulaza karavani, ya chini na ya juu hufungwa, ya katikati hufunguliwa. Usipofanya hivyo itabidi uijaze hita nzima kwa dawa ya kuzuia kuganda kabla tone moja halijafika kwenye koki ya maji moto. Nilizigeuza zote tatu, nikaangalia mipini, nikaridhika.

Halafu nikafanya kitu nilichoona ni cha usafi. Nilizungushia tepu nyeupe ya mabomba kwenye hesi za kizibo, nikakirudisha mahali pake na kukikaza, wadudu wasije wakajenga humo ndani. Mjomba alikuwa upande wa pili, hakuona.

Dawa tulikuwa na madumu matatu ya lita 3.8. Ni propilini glikoli, ya rangi ya waridi, iliyotengenezwa kwa ajili ya mabomba ya maji ya kunywa. Ile ya rejeta ya gari mara nyingi ni ethilini glikoli, nayo ni sumu. Haiingii humu hata kidogo. Kwenye dumu imeandikwa nyuzi 45 chini ya sifuri, lakini namba hiyo ni ya kupasuka kwa bomba, si ya kuganda. Kabla ya hapo dawa huanza kuwa nzito kama uji wa barafu, ila haitanuki kwa nguvu ya kuvunja kitu. Namba hiyo pia ni ya dawa isiyochanganywa na maji. Neno hilo la mwisho ndilo lililotugharimu jioni ile.

Tukatumbukiza mpira wa kufyonzea kwenye dumu la kwanza na kuiwasha pampu. Koki ya baridi ya jikoni ilikohoa hewa, ikatoa maji, kisha maji ya waridi hafifu, kisha waridi lililokolea. Nikaifunga. Hapo ndipo pampu ilipoendelea kunguruma. Nikafungua ya moto, nayo ikatoa waridi baada ya muda, nikafunga. Pampu bado. Nilipoingia bafuni kufungua koki ya beseni nilisikia mpira ukifyonza hewa nje. Dumu la kwanza lilikuwa tupu. Tukaweka la pili, na kabla sijagusa bomba la bafu nalo likawa limebaki robo.

"Zima," mjomba akasema. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika dumu. "Hii dawa inakwenda wapi, mwanangu?"

Mabomba ya karavani ndogo hayabebi lita nyingi. Mita 10 za bomba la nusu inchi hazifikishi lita 1.5. Lita 6 na zaidi zilikuwa zimepita na bado nusu ya koki hazijaona rangi. Hakuna sehemu iliyolowa chini, hakuna tone chini ya sinki. Kilichobaki ni chombo kikubwa kitupu, na humo kipo kimoja tu.

Alikwenda nje akagonga ubavu wa hita kwa kifundo cha kidole, akaona kizibo kimekazwa. Hakunifokea. Alisema tu kwamba tundu lile huachwa wazi mpaka pampu imalize kazi, kwa sababu ndilo linalosema kama koki za nyuma zimefunga kweli. Dawa ikipenya, ingekuwa imechuruzika chini mbele ya macho yetu kwenye kikombe cha kwanza. Kwa kuliziba, nilikuwa nimeifungia dawa ndani ya tangi, ikiibana hewa polepole, na pampu ingeendelea kusukuma mpaka presha ya hewa hiyo ifike baa 3. Kwa hita ya lita 22 hiyo ni lita 16 hivi za dawa.

Akanyanyua tena mpini wa vali ya usalama, hewa ikatoka kwa mluzi mrefu. Kizibo hakiguswi kabla ya hapo, kingeruka na fimbo yake. Kisha nikafungua, tukakinga kwa beseni. Iliyotoka ilikuwa ya waridi iliyofifia, kwa kuwa chini ya usawa wa tundu hubaki maji kiasi ambayo hayatoki yenyewe. Nilitaka kuirudisha kwenye dumu. Mjomba akakataa: ikishakutana na maji, ile namba ya kwenye dumu haipo tena, na huwezi kujua imeshuka kiasi gani. Tuliimwaga kwenye tangi la maji ya sinki, ambako mpira wa vali ya kutolea unanufaika nayo kuliko kubaki na maji matupu.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo sana. Mpini wa koki ya chini, ule wa kuingiza maji, ni wa plastiki, na tundu lake la ndani lilikuwa limechakaa likawa duara. Mpini uligeuka, shina la shaba halikugeuka. Nilipouchomoa nikamulika kwa tochi, niliona mfereji mwembamba uliochongwa kwenye kichwa cha shina. Mfereji huo hulala upande ule ule wa tundu la tufe la chuma lililo ndani ya koki, linalopitisha maji. Ulikuwa sambamba na bomba, wazi kabisa. Nikashika shina kwa plaizi, nikaligeuza robo mzunguko hadi mfereji ukakingama.

Tulibaki na dumu moja zima na robo. Mjomba kwanza alipima vikombe vitatu, mililita 250 kila kimoja, akaviweka kando kwa ajili ya mabomba yaliyopinda chini ya sinki, beseni na bafu. Ili kilichobaki kisiliwe na maji yaliyotuama, tulileta kompresa, tukaunga kwenye mlango wa maji wa nje, tukaweka baa 2. Haivuki 2.8, juu ya hapo viungio vinaweza kuachia. Koki moja moja, moto kisha baridi, hadi zikatoa hewa kavu: beseni, bafu, choo, na bafu la nje lenye kimlango chake ubavuni. Hilo la nje husahauliwa na wengi, na koki yake ndiyo iliyo karibu zaidi na baridi.

Pampu ikawashwa tena. Nikafungua beseni, likatoa waridi, nikafunga. Pampu ikanguruma kama sekunde tatu, ikanyamaza. Bafu, ikanyamaza. Choo kikanyagwa hadi bakuli likageuka rangi, ikanyamaza. Mwisho tulizima pampu, nikatoa wavu wa mlango wa maji wa nje na kubonyeza kivali kilicho nyuma yake kwa ncha ya bisibisi, mpaka tone la waridi likaniangukia kidoleni. Kivali hicho hushikilia maji ambayo hakuna koki inayoyafikia. Vikombe vitatu vikamiminwa, na kilichosalia kwenye dumu, vidole viwili hivi, kikaingia chooni kulinda mpira wa bakuli usikauke.

Giza lilikuwa limeshaingia. Mjomba alikwenda kwenye hita, akaingiza kidole tunduni akakizungusha, akakitoa na kukipeleka kwenye mwanga wa tochi. Kikavu. Kizibo na fimbo yake akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akaubandika kwa tepu juu ya swichi ya pampu, ili atakayekuja kuiwasha akutane na mfuko huo kwanza.